Maumivu Yangu, Pumu ya Kaka, Vidole vya Mama: Nilivyoielewa Endometriosisi

Kwetu kila mtu alikuwa na maradhi yake, na hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Mama alikuwa na baridi yabisi iliyomkunja vidole mapema kuliko wanawake wa rika lake. Kaka alikua na pumu. Dada akawa mtu wa kipandauso, wa kufunga mapazia na kulala gizani mchana kutwa. Mama Mkubwa, dada yake mama, alitolewa kizazi akiwa bado kijana, baada ya miaka mingi ya hedhi zilizomlaza kitandani, na kila alipotajwa mazungumzo yaliishia kwenye "Mungu hakumjalia." Mimi nilikuwa na tumbo. Ndivyo nilivyojulikana: huyu ana tumbo.

Tumbo hilo lilianza pamoja na hedhi, lakini baada ya muda halikungoja hedhi tena. Liliuma katikati ya mwezi, liliuma nikienda haja kubwa, liliuma katika tendo la ndoa. Mara kwa mara niliambiwa nina maambukizi ya nyonga, nikaandikiwa dawa, nikazimaliza, maumivu yakabaki pale pale. Vipimo vilipokosa kuonyesha mdudu, niliandikiwa dawa nyingine ya mdudu. Mpaka daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake alipoamua kuchungulia kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni, akakuta nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi imeota pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, karibu na utumbo mpana. Ovari moja ilikuwa na uvimbe uliojaa damu nzito ya kahawia. Endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanayo, yaani kama milioni 190. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikasirika kwanza, faraja ikaja baadaye. Ugonjwa wa watu wengi namna hiyo, na bado mwanamke anaweza kuzunguka nao miaka bila kuambiwa jina lake.

Katika mazungumzo baada ya upasuaji, daktari yule aliniuliza habari za watu wa kwetu. Nilitegemea aulize nani mwingine ana hedhi mbaya, na aliuliza. Lakini hakuishia hapo. Nani ana ugonjwa wa viungo? Nani ana pumu, mzio, matatizo ya ngozi, tezi ya thairoidi? Nikawa naitikia moja baada ya jingine, huku najiuliza vidole vya mama vinahusu nini na ovari yangu. Hakuwa na muda wa kunieleza yote. Nikaanza kusoma mwenyewe, polepole, nikirudi kwake na maswali kila alipokuwa na nafasi, na hapa naandika kile ninachotamani mtu angekuwa amenieleza mapema.

Maelezo yanayotajwa zaidi juu ya chanzo cha ugonjwa huu ni ya daktari wa Marekani, John Sampson, ambaye mwaka 1927 alieleza kwamba wakati wa hedhi sehemu ya damu hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni ikiwa na vipande hai vya utando. Vipande hivyo hujishika, vikaota. Maelezo haya yana mantiki, ila yana shimo kubwa katikati. Damu hiyo hurudi nyuma kwa wanawake wengi sana. Tafiti zilizoangalia jambo hili ziliikuta kwa hadi wanawake tisa kati ya kumi. Kama kurudi nyuma kungetosha, karibu sote tungekuwa wagonjwa. Kwa hiyo swali lenye uzito linahusu kinachofuata damu ikishafika tumboni: kwa nini mwili wa mwenzangu huisafisha ikaisha, na wangu ukaiacha ikajenga makazi?

Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia. Tumboni mna majimaji kidogo yanayolainisha viungo, na ndani yake mna seli za ulinzi. Kuna zinazoitwa seli wauaji asilia, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoharibika au zilizo mahali pasipo pake. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba kwa wanawake wenye endometriosisi seli hizi huwa na nguvu ndogo ya kuua. Kuna pia makrofaji, seli kubwa za kumeza uchafu. Hizi kwetu sisi huwa nyingi tumboni kuliko kawaida, na ungedhani hilo ni jema. Kumbe badala ya kumeza vile vipande, hutoa kemikali zinazovisaidia: zinazoita mishipa mipya ya damu, zinazochochea neva kuchipua, zinazowasha mchochota, yaani ule uvimbe na uchungu unaotokea kinga ya mwili inapofanya kazi. Ni kama mfagiaji aliyetumwa kung'oa magugu, akayakuta, akayamwagilia maji. Mchochota nao huongeza utengenezaji wa estrojeni, homoni ya kike, ndani ya vile vipande vilivyoota, na estrojeni huongeza mchochota. Ndiyo maana maumivu hayakungoja hedhi.

Nilipoelewa hili, mambo mawili yalinikaa sawa. Kwanza, niliacha kutafuta ndani ya maisha yangu kitu nilichofanya. Pili, nilielewa kwa nini zile dawa za "kuongeza kinga" ambazo kila mtu mwenye huruma alikuwa akiniletea hazikuwa na mantiki. Kinga yangu haijapungua kwa maana ile ambayo watu wanaifikiria. Upande mmoja umelegea na upande mwingine umezidi, yote katika tumbo lile lile, kwa wakati ule ule. Huwezi kuongeza kitu kama hicho kwa unga wa majani, na huwezi kukizima tu pia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la infliximabu, dawa inayozima protini ya mchochota iitwayo TNF, ambayo huwasaidia wagonjwa wengi wa baridi yabisi. Kwa wanawake wenye endometriosisi iliyozama ndani ya viungo, haikupunguza maumivu kuliko dawa bandia, ile isiyo na kitu ndani inayotumika kulinganishia. Nilisikitika kusoma hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuota kwamba dawa ya mama ingenifaa na mimi. Lakini ilinifundisha kwamba kinga kuhusika katika ugonjwa ni jambo moja, na kupata dawa kupitia mlango huo ni safari nyingine.

Mama alinisikiliza nikimweleza haya akiwa amekaa kimya, anajikanda vidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mimi ndiye niliyekupa."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilirudi kusoma hasa kwa ajili ya sentensi ile, na nadhani ndiyo iliyonifanya niingie kwenye mambo ya jeni kwa uzito, maana sikutaka kumfariji mama kwa uongo.

Ukweli ni kwamba urithi upo. Utafiti wa mapacha uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1999 ulilinganisha mapacha wa kufanana kabisa, ambao jeni zao ni zile zile, na mapacha wasiofanana, ambao hushirikiana kama nusu. Kutokana na ulinganisho huo walikadiria kwamba takriban 51% ya tofauti za hatari ya endometriosisi kati ya wanawake inatokana na jeni. Utafiti wa Sweden mwaka 2015 ulifika karibu hapo hapo, 47%. Watu husoma namba hizi vibaya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Hazimaanishi kwamba nusu ya ugonjwa wangu umetoka kwa mama na nusu nyingine kwangu. Wala hazimaanishi kwamba binti wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu. Zinaongelea kundi zima: ukiuliza kwa nini wanawake wanatofautiana, wengine wapate na wengine wasipate, takriban nusu ya jibu iko kwenye tofauti za jeni na nusu iko kwingine. Kwa mtu mmoja mmoja namba hiyo haisemi kitu.

Nusu hiyo ya jeni nayo haikukaa mahali pamoja. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, uliolinganisha wanawake 60,674 wenye endometriosisi na watu 701,926 wasio nayo. Walipata maeneo 42 kwenye vinasaba yanayohusiana na ugonjwa. Mengine yako karibu na jeni za homoni, mengine karibu na jeni za ukuaji wa njia ya uzazi. Maeneo yote hayo kwa pamoja yalieleza takriban 5% tu ya tofauti za hatari. Kila badiliko moja linaongeza hatari kidogo mno, na wanawake wengi wanayabeba bila kuumwa hata siku moja. Kwa hiyo hakuna leo kipimo cha jeni kinachoweza kumwambia msichana kwamba atapata ugonjwa huu au hataupata.

Ninapenda sana sehemu moja ya utafiti ule, kwa sababu ilinirudisha nyumbani kwetu. Walipolinganisha jeni za endometriosisi na jeni za magonjwa mengine, walikuta zinaingiliana na za kipandauso, maumivu ya mgongo, maumivu sugu ya sehemu nyingi za mwili, pumu, na kulika kwa viungo. Miaka miwili baadaye, 2025, kundi la Oxford likatoa kazi nyingine iliyoangalia kinga moja kwa moja, kwa kutumia hazina ya takwimu za afya za Uingereza. Wanawake wenye endometriosisi walikuwa na hatari iliyozidi kwa kati ya 30% na 80% ya kuwa na magonjwa kama baridi yabisi, seliaki ya utumbo, soriasisi ya ngozi na multipo sklerosisi ya neva. Na kwa baridi yabisi na kulika kwa viungo, sehemu ya uhusiano huo ilionekana kwenye jeni zenyewe.

Vidole vya mama. Pumu ya kaka. Kichwa cha dada. Nilikaa na ripoti ile ya utafiti muda mrefu.

Halafu kuna jeni moja, NPSR1, ambayo habari yake siwezi kuiacha. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa inahusiana na pumu. Mwaka 2021, watafiti waliofuatilia familia zenye wagonjwa wengi wa endometriosisi, pamoja na ukoo wa nyani aina ya rhesasi ambao nao huupata ugonjwa huu wenyewe kwa asili, walikuta mabadiliko kwenye jeni hiyo hiyo yakihusiana na endometriosisi kali. Walipoizuia kazi yake kwa panya, mchochota na maumivu yalipungua. Ni panya bado. Lakini fikiria: jeni iliyotafutwa kwenye vifua vya watu wenye pumu ikaonekana tena tumboni mwa wanawake.

Nijizuie hapa, kwa sababu ni rahisi kulewa. Kipandauso ni ugonjwa wa watu wengi. Pumu ni ya watu wengi. Karibu kila ukoo ukiuchunguza utakuta haya yote, na familia yangu si ushahidi wa chochote. Sijapimwa jeni, na huenda pumu ya kaka na tumbo langu havijuani kabisa. Tena, hata zile seli wauaji zilizolegea, bado inabishaniwa kama zilikuwa hivyo kabla ya ugonjwa au ugonjwa wenyewe ndio uliozilegeza. Kuna jeni za kinga, zile za HLA kwenye kromosomu ya 6 zinazousaidia mwili kutambua kilicho chake na kisicho chake, na za KIR zinazoamua seli wauaji zitulie au zishambulie. Zimechunguzwa na makundi mengi, na majibu yao hayajapatana. Ninachojua kwa hakika ni kwamba maradhi yetu yalikuwa yakihesabiwa moja moja, na sasa nina sababu ya kuyataja kwa pamoja mbele ya daktari.

Na hivyo ndivyo nilivyomjibu mama. Nilimwambia: "Mama, hata wewe ulipewa. Na bibi alipewa. Na baba naye ametia yake, maana nusu ya jeni zangu ni zake." Hilo la mwisho lilimshangaza. Katika akili yake ugonjwa wa kike hupita kwa wanawake tu, na nimekutana na wengi wanaofikiri hivyo, hata wasomi. Mwanamume anaweza kubeba mabadiliko yanayoongeza hatari ya endometriosisi, akayapitisha kwa binti yake, bila yeye kuhisi lolote. Ukiulizwa historia ya familia, usiwaache mashangazi wa upande wa baba. Mimi nilipomuuliza shangazi yangu, mwanamke asiyependa kabisa mazungumzo ya namna hii, alinyamaza kisha akasema kwamba na yeye alikuwa akizimia shuleni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Wanawake waliomo katika ule utafiti mkubwa ni wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Vinasaba vya watu wenye asili ya Afrika vina tofauti nyingi kuliko vya watu wa popote duniani, na jeni za kinga ni kati ya zile zinazotofautiana zaidi, maana kila jamii ilipambana na magonjwa yake kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo ramani ya maeneo 42 ni ramani ya watu fulani. Na si mara ya kwanza sisi kuachwa nje. Kwa miongo mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba endometriosisi ni nadra kwa wanawake weusi. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Marekani, alichapisha habari za wagonjwa wake weusi aliowachungulia kwa kamera: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nayo, na si wachache kati yao walikuwa wameshaambiwa kuwa wana maambukizi ya nyonga. Niliposoma hayo niliweka simu chini. Ilikuwa habari yangu, imeandikwa kabla sijazaliwa. Mwanamke akiombwa sampuli kwa ajili ya utafiti, akaelezwa vizuri zitatumikaje na zitalindwaje, mimi ningemsihi akubali. Tusipokuwamo kwenye hesabu, dawa zitakazotokana na hesabu hizo zitatungwa bila miili yetu kufikiriwa.

Dada ana binti, ambaye huniita Mama Mdogo. Alipoanza kukosa shule siku za hedhi, dada alinipigia simu usiku, na nilisikia katika sauti yake ile hofu ya mama. Binti mwenyewe aliniuliza bila kuzunguka: "Mama Mdogo, na mimi ninayo?"

Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba kuwa na mama mdogo mwenye ugonjwa kunaongeza uwezekano lakini hakuandiki chochote. Mimi ninayo, lakini mama yake amekua ndani ya nyumba ile ile, kwa wazazi wale wale, na hana. Nikamwambia pia kwamba maumivu yanayomkosesha mtu shule yanatosha kutibiwa, hata kabla ya kujua yanaitwaje. Hili la mwisho ndilo ninalolisimamia kuliko yote. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 umeacha kuuita upasuaji wa kamera kipimo cha lazima kwa kila mtu; daktari anaweza kuanza matibabu kwa kusikiliza dalili na kutumia altrasaundi au MRI, na picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa anadanganya. Historia ya ukoo haiwezi kuthibitisha ugonjwa, lakini inaweza kufupisha miaka ya kutoaminiwa, na kwa msichana huo ni msaada mkubwa.

Tulikwenda kwa daktari sote watatu. Dada alikuwa ameandika kwenye karatasi: Bibi, baridi yabisi. Mjomba, pumu. Mama, kipandauso. Mama Mdogo, endometriosisi. Bibi Mkubwa, alitolewa kizazi. Shangazi yake Mama Mdogo, alikuwa akizimia. Binti alikuwa na daftari la hedhi zake, tarehe na kiwango cha maumivu na siku alizotapika. Daktari alisoma vyote viwili kabla ya kuuliza swali lolote. Altrasaundi haikuonyesha kitu. Alimwandikia dawa ya maumivu ya kuanza kumeza mapema, mara tu dalili zinapoanza, pamoja na vidonge vya homoni. Akamweleza, yeye mwenyewe na si mama yake, kwamba wasipoona nafuu baada ya miezi kadhaa watabadilisha dawa, na ikibidi wataangalia kwa MRI. Amerudi shuleni. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ambayo bado anakosa siku moja, na anaendelea kuandika.